Koti Lililojaa Herufi

Mume wangu alikuwa akichora mabango ya matamasha ya muziki, na mimi ndiye niliyekuwa kipimo chake. Akimaliza herufi kwa penseli, alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba chetu cha Kawangware, upande wa ndani, kisha akaniambia niinjike chai na nianze kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa msomaji wa polepole. Nikimaliza bango lote kabla maji hayajaanza kuimba, alilibandua akazikunja herufi zaidi. Chai ikifurika na mimi bado nimekwama kwenye neno la kwanza, alicheka akazilegeza kidogo. Alitaka nimalize pale chai inapochemka.

"Wewe ukisoma, Kibera nzima itasoma," alikuwa akiniambia, kwa kuwa huko ndiko mabango yalikobandikwa.

Sikujua kama hiyo ni sifa au ni tusi. Nilisoma tu.

Mtu aliyeliona bango lake mara ya kwanza aliona rangi, basi. Herufi hazikukaa kwenye mstari. Zilivimba chini, zikakonda juu, zikaegemeana kama watu kwenye foleni ya maji, mpaka kati ya moja na nyingine pasibaki pa kupitisha sindano. Maneno yalichukua umbo la kitu: nywele za mwanamke, moshi wa jiko, tumbo la gitaa. Ulidhani unatazama nywele, halafu polepole nywele zikawa jina la bendi, na zile za shingoni zikawa mahali na saa. Rangi alichagua zile zisizopatana. Waridi kali aliiweka kando ya kijani, zote mbili zikiwa na nguvu sawa, hivi kwamba ukikazia macho pale zinapokutana palionekana kutikisika. Kuna jirani aliyekuwa akisema mabango hayo yanamletea kizunguzungu, na alisema kwa nia njema kabisa.

Mtindo huo hakuubuni. Aliuona kwenye majalada ya santuri kuukuu, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiziuza sokoni, si mbali na Kibera. Mzee alimwambia unaitwa saikedelia, kwamba vijana wa Marekani waliuanzisha kwenye mabango yao miaka ya sitini, na kwamba wengi wao walikuwa wakimeza vitu vya kuwaonesha rangi zisizokuwepo. Mume wangu hakumeza kitu. Hakuvuta, hakunywa, na Jumapili alikuwa kanisani kabla ya mchungaji. Lakini wapangaji wenzetu wa ploti hawakukubali.

"Mama, huyu bwana yako huvuta nini?" mwenye duka alinipigia kelele siku moja mbele ya watu.

"Huvuta maji bombani," nikamjibu.

"Basi nionyeshe hilo bomba, na mimi nikateke!"

Nilimweleza mume wangu, akacheka mpaka akakohoa. Wakati huo kikohozi kilikuwa bado ni kikohozi tu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anawasumbua watu. Akaniambia bango la kawaida mtu hulisoma akitembea, na akifika kwenye kona limeshamtoka. "Nataka asimame. Akisimama, mwenzake naye atasimama aone huyu anaangalia nini." Na ilikuwa kweli. Nilimsindikiza mara nyingi kubandika Sarang'ombe, huko Kibera, mimi nikibeba ndoo ya uji wa ngano uliotumika kama gundi, na niliona wanawake wenye mizigo kichwani wakisimama, wakiinamisha shingo huku na huku, mizigo isianguke.

Kosa moja tu nililoliona likimtokea ni la rangi ya machungwa. Alitengeneza bango lenye rangi hiyo tele, karibu na uchaguzi, na hakufikiria. Kibera rangi si rangi tu, ni chama cha siasa. Kabla ya jioni, vijana wa upande mmoja walikuwa wamelipigia saluti na wa upande mwingine wamelichana, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ni tamasha la gitaa. "Walikuwa wanauliza mgombea ni nani," aliniambia, ameshika vipande. Tangu hapo tulikaa na waridi na kijani, kwa sababu hakuna chama tulichokijua kinachojiita waridi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kujaza. Yeye alichora mipaka ya herufi, mimi nikajaza rangi kwa brashi mchana, nikiwa nimeshapeleka chapati zangu kwa wateja. Nilijua kubana brashi isivuke mpaka. Zaidi ya hapo sikujua, na sikutaka kujua. Alipokuwapo, hapakuwa na haja.

Kifua ndicho kilichomchukua. Siku aliyokufa nilikuwa nimetoka hospitalini kuja nyumbani kumfulia shuka, na shuka zilikuwa bado kwenye kamba simu ilipopigwa. Sina la kuongeza hapo.

Watu wakaanza kuja matangani, kila jioni, kama ilivyo desturi yetu hapa mjini mpaka mwili uende nyumbani magharibi. Mama mkwe akaja kutoka huko kumfuata mwanawe. Na mpiga gitaa, aliyekuwa rafiki yake mkubwa na ambaye mabango yake karibu yote yalitoka kwenye chumba chetu, akaja na wazo. Bendi ilitaka kumuaga kwa muziki, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa Kibera upande wa Kambi Muru, kabla ya gari kuondoka. Watu wa Kibera waliokuwa wamesimama mbele ya mabango yake waje wamuage.

"Na bango, shemeji, nimeshaletewa," alisema, akanionyesha simu.

Kijana mmoja alilitengeneza kwa kompyuta. Kulikuwa na picha ya mume wangu ya kitambulisho, imepanuliwa mpaka uso umekuwa chembechembe kama mchanga, mawingu nyuma yake, njiwa wawili na mshumaa. Herufi zilisimama wima kama askari. Nilizisoma zote kabla sijakaa vizuri.

"Hili ndilo linaeleweka," mama mkwe akasema, simu ikiwa karibu na pua yake. "Mtu amekufa. Si harusi."

Mpiga gitaa alinitazama. Mimi nilitazama wale njiwa. Mume wangu alikuwa akiwacheka njiwa hao kila tulipopita penye tangazo la kifo. Alikuwa akisema, "Ni walewale wawili. Wanazikia mji mzima, hawachoki?"

"Hatalisimamia mtu," nikasema.

"Nini?"

"Hakuna mtu atakayesimama kulisoma. Watapita tu. Atakuwa ni mtu mwingine amekufa."

Mpiga gitaa akarudisha simu mfukoni. "Lakini shem, nani atachora? Mkono wake umeenda naye."

Nikamwambia nitachora mimi. Kusema kweli sikuwa nimefikiria. Maneno yalitoka, na mama mkwe akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia mtoto akisema atapika ugali wa watu mia.

Sura sijui kuchora. Kwa hiyo nikachora koti lake, lile la kahawia lililokuwa likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu lilikuwa mbele yangu na halikusogea. Halafu nikaanza kulijaza. Jina lake nikaliweka kifuani, nikalipanua mpaka likafika kwapani. Mikononi nikaweka maneno ya kwamba tunamuaga. Kwenye pindo la chini nikaweka mahali na saa. Nilifuta sana. Herufi zangu zilikuwa nzito, hazikuwa na ule mtiririko wake, na moja begani ilitoka kama kiatu. Lakini nilizisukuma mpaka zikagusana zote, pasibaki nafasi, kama alivyokuwa akifanya. Halafu nikajaza waridi na kijani, na hapo mkono wangu ulitulia, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu.

Nililibandika mlangoni. Nikainjika chai. Ndipo nikagundua kuwa sina kazi ya kufanya mbele ya bango lile. Nilijua kila neno lililoandikwa. Mtu aliyeficha kitu kwa mikono yake hawezi kujipima kama kinaonekana. Nilikaa kitini nikalitazama koti, na maji yakaimba, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nililia kwa sauti tangu simu ile.

Mama mkwe alikuwa kitandani akipumzika. Akaamka.

"Ni nini?"

"Mama, nisomee hilo."

Alijifunzia kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima la kanisa, na alikuwa akisoma Biblia kwa kidole. Mabango ya mwanawe hakuwahi kuyaona. Alikuwa amesikia tu kuwa anachora, na huko nyumbani alikuwa akiwaambia watu kuwa mwanawe anafanya kazi Nairobi, bila kusema kazi gani.

Akavaa miwani, akasogea mlangoni. Kwanza akasema, "Hili ni koti lake."

"Ndiyo."

"Mbona lina minyoo?"

"Ni herufi, Mama."

"Herufi!" Akaangua kicheko kidogo cha hasira. Akaweka kidole kwenye kwapa la koti, akakiburuta, akarudi, akaanza tena upande wa pili. Nilimwona midomo yake ikijaribu sauti. Alipofika katikati ya kifua akasimama. Akarudia. Halafu akalitaja jina la mwanawe, lote, na la baba yake, polepole, kama anavyotajwa mtu anayeitwa kutoka mbali shambani.

Chai ilikuwa inafurika na wala hakuna aliyeinua sufuria.

Hakuniambia ni zuri. Aliniambia, "Hii ya begani ni kama kiatu." Kisha akasoma mikono yote miwili na pindo, na akakaa.

Mpiga gitaa alilipeleka Kibera asubuhi yake kutoa nakala. Nakala za rangi hatukuziweza kwa wingi tuliouhitaji, kwa hiyo alikwenda kwenye mashine ya kawaida. Akarudi mchana na bunda chini ya kwapa, na jinsi alivyolitua mezani nilijua kuna jambo.

"Shem, angalia mwenyewe."

Karatasi zote zilikuwa kijivu. Koti lilikuwa doa moja la kijivu, kama uji uliomwagika, halina jina, halina mahali, halina saa. Nilizipindua moja moja nikidhani mashine iliharibika katikati. Haikuharibika. Ni mimi. Nilikuwa nimechanganya waridi na kijani mpaka vikawa na nguvu sawa, kama nilivyozoea, ili vigombane machoni. Mashine isiyojua rangi iliviona ni kitu kimoja. Na baada ya kujaza nilikuwa nimefuta mipaka yote ya penseli ili bango liwe safi.

Hapo nikakumbuka kuwa yeye alikuwa akitengeneza mabango mawili kila mara, moja la rangi na moja la wino mweusi mtupu, mistari tu. Hilo la pili sikuwahi kulijali, kwa sababu halikuwa na mahali pa kujaza.

"Ni Alhamisi," mpiga gitaa akasema. Hakusema kwa lawama. "Yule kijana wa kompyuta bado ana ile ya njiwa."

Nilitaka kukubali. Nasema ukweli, nilichoka, na njiwa walikuwa tayari. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, "Kwani hiyo mistari haiwezi kuandikwa tena?"

Tukalibandika bango la rangi kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake, tukaweka karatasi nyeupe juu. Mpiga gitaa alishika pembe, mimi nikafuata mipaka kwa kalamu nene nyeusi. Kiatu cha begani nilikirekebisha kidogo. Alipotoka mbio kwenda kwenye mashine, nilibaki nikisugua wino vidoleni.

Jioni akarudi na nakala. Safari hii kila kitu kilionekana, koti na mistari yake yote, lakini lilikuwa jeupe, limekufa, kama kitabu cha watoto ambacho hakijapakwa rangi. Wanawake walikuwa wameshaanza kuingia kwa ajili ya matanga, wa kanisani na wa chama chetu cha kuchangiana, wakikaa kwenye viti vya kuazima mpaka nje ya mlango. Mmoja wao, anayeuza samaki na ambaye hajui kunyamaza, akachukua karatasi akaigeuza.

"Hii nayo ni ya kufanywa nini?"

"Ni ya kujazwa," nikasema.

"Si utupe rangi basi, ama tuombe Mungu ajaze?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilitoa vikopo vyake vyote. Brashi hazikutosha, watu wakafunga pamba kwenye njiti. Jirani wa kizunguzungu akaleta kalamu za rangi za watoto wake. Nikawaeleza waridi na kijani, na kwamba mahali popote rangi mbili zinapokutana zigombane. Wakaimba huku wakijaza. Wimbo ulipokuwa wa polepole walijaza polepole, na ulipokuja wa makofi ilibidi waweke brashi chini.

"Wewe, unampaka nani pua hapo?" muuza samaki akamuuliza mwenzake.

"Si pua. Ni herufi."

"Herufi gani ina matundu?"

"Uliza mwenye koti!"

Chumba kikacheka, kisha kikakumbuka, kikatulia. Mimi niliona ni sawa wamecheka. Yeye angetaka kujua ni herufi gani.

Si wote walifuata rangi. Waridi iliisha, mtu akatumia zambarau. Mwingine akachukua machungwa na nikamnyang'anya. Karibu na mwisho mama mkwe akasogeza kiti mezani, akaomba brashi. Alijaza moja tu. Alikuwa akijaza kwa kidole cha kushoto kikifuata herufi na mkono wa kulia ukipaka, kama anasoma. Koti lake alilijaza kahawia lote, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa lile la mwanawe.

"Mama, ukijaza rangi moja haitasomeka."

"Mimi nitaisoma," akasema.

Kesho yake tulibandika kwa uji wa ngano, Sarang'ombe na kuelekea Soweto, mimi na mpiga gitaa na wanawake wawili. Nilirudi nyuma kwenye ukuta mmoja nikaona makoti yamepangana, hakuna mawili yanayofanana, mengine yamevuka mipaka, moja lina vidole vya mtu. Hayakuwa kazi yake. Asingekubali hata nusu yake ibandikwe. Lakini mwanamke mwenye ndoo akasimama, akainamisha shingo. Halafu vijana wawili wakasimama nyuma yake.

"Hii ni nini, msee?"

"Ni koti."

"Najua ni koti. Imeandikwa nini?"

"Tulia nisome."

Niliondoka kabla hajamaliza. Sikutaka waone kwamba nangoja.

Jumamosi watu walikuja. Sitasema walikuwa wengi kiasi gani. Walikuwa wengi kuliko viti, na baadhi walidhani ni mkutano wa injili na wakabaki hata walipojua. Bendi ilipiga. Nilikaa kando ya mama mkwe, naye alishika karatasi yake ya kahawia, ameikunja kama bomba. Hakukubali ibandikwe.

Ilisafiri naye usiku kucha katika gari lililobeba jeneza, imesimama kati ya magoti yake. Nyumbani, baada ya maziko, wazee wa ukoo na wake zao walipokaa chini ya turubai, mmoja akamuuliza huyu marehemu alikuwa akifanya kazi gani hasa huko Nairobi. Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanishika mkono.

Akaifungua karatasi. Ilikuwa kahawia tupu kwa yeyote aliyekuwa mbali. Akavaa miwani, akaweka kidole kwapani, akasoma. Alisoma jina la mwanawe na la baba yake. Alisoma mikono. Akashuka mpaka pindoni akasoma Kambi Muru, Jumamosi, saa nane alasiri, watu wote mnakaribishwa, akiwasomea watu waliokuwa mbali na Kibera, Jumamosi ikiwa imeshapita. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mke wa mzee mmoja akanyoosha shingo na kusema, "Hebu leta, na mimi nione mahali hayo maneno yalipo."